Alikitupa cheti chake cha pongezi. Mwaka huu nimwite tena jukwaani?

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na huu ni mwaka wa pili nasimamia kamati ya tuzo za mwisho wa mwaka. Nakuandikia usiku, orodha ya majina iko mbele yangu, na kuna jina moja nimelikata na kulirudisha mara tatu.

Mwaka jana tulianzisha tuzo ya mwanafunzi aliyeimarika zaidi. Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimechoka kuona vikombe vyote vinabebwa na wanafunzi walewale watano. Wanapanda, wanashuka, wanapanda tena, hadi mmoja wao akaacha kabisa kurudi kwenye kiti chake, akawa anasubiri pembeni ya ngazi. Nikasema safari hii tumtafute na aliyejikongoja kutoka mbali.

Tulimpata. Kijana wa kidato cha pili, mpole, aliyeanza mwaka akiwa wa 118 kati ya wanafunzi 122 na kuumaliza akiwa wa 41. Nilimfundisha mwenyewe baada ya vipindi. Tatizo lake lilikuwa sehemu, zile hesabu za nusu na robo. Hakuwahi kuzielewa tangu shule ya msingi, akaona aibu kuuliza, na kila kitu kilichofuata kikajengwa juu ya hilo shimo. Tulipoliziba, akapaa.

Siku ya sherehe, mshereheshaji, ambaye ni mwalimu mwenzetu na mcheshi kupindukia, akataka kunogesha mambo. Akasema, "Huyu bwana alikuwa wa 118! Nyuma yake walibaki wanne tu, na nadhani wawili kati yao walikuwa wagonjwa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, Bibi, au ndivyo nilivyojiambia. Kijana akapanda, akapeana mkono na mgeni rasmi, akapigwa picha. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi macho yalinilenga machozi.

Kesho yake asubuhi, mama anayetufanyia usafi akaniletea cheti. Alikikuta kwenye pipa la takataka nyuma ya ukumbi, kimekunjwa mara nne. Alidhani kimetupwa kwa bahati mbaya.

Sikumwambia mtu. Baadaye nikaanza kusikia wenzake wakimwita "Mia na Kumi na Nane". Siku hizi wamefupisha, ni "Kumi na Nane" tu, na wengine nadhani hawakumbuki hata lilikotoka.

Mwaka huu amepanda tena. Ni wa 19 kwa jumla, na katika hisabati ameshika nafasi ya 3. Isitoshe, na hili halimo kwenye karatasi yoyote, jioni huwa anakaa na wenzake wawili watatu akiwaelekeza sehemu, kwa maneno yaleyale niliyomwelekeza mimi. Kamati kwa kauli moja inataka apewe tena tuzo ya kuimarika. Lakini wiki iliyopita alinifuata akaniambia, "Mwalimu, kama jina langu lipo, naomba mlitoe." Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Basi tu." Siku mbili baadaye mama yake akapiga simu kuuliza tarehe ya sherehe, ili aombe ruhusa kazini mapema.

Kamati nayo haielewani. Mmoja anataka kila mwanafunzi apewe cheti ili asiwepo wa kujisikia vibaya. Mwingine anataka turudi kwenye utaratibu wa zamani, yaani watatu bora wa kila somo, basi. Mkuu wa shule anapendekeza tuongeze vyeti vya mahudhurio kwa wote ambao hawakukosa hata siku moja, akiamini vitawavuta watoro.

Nimsikilize kijana au nimfikirie mama? Na hizi tuzo nizipange vipi ili mwakani nisiletewe cheti kingine kutoka kwenye pipa?

Mwalimu wa Hisabati

*

Marahaba, mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye sentensi ambayo wewe uliipita haraka. Umeandika kwamba kijana ni wa 3 katika hisabati. Kisha ukaandika kwamba utaratibu wa zamani ni kuwatuza watatu bora wa kila somo. Mbona hujaziunganisha? Kijana ana tuzo yake tayari, ileile wanayopewa wanafunzi bora wote, na bado kamati nzima imekaa mezani ikakubaliana kwa kauli moja kumpa ya "kuimarika". Maana yake ni kwamba machoni penu yeye bado ni yule wa 118. Wanafunzi wenzake wamempa jina la utani, na ninyi walimu mnaliandika kwenye cheti kwa mwandiko mzuri.

Sikulaumu wewe. Wazo lako la mwaka jana lilitoka mahali pazuri. Ila tuzo ya kuimarika ina kasoro iliyozaliwa nayo: haisomeki bila kutaja ulikotoka. Ukimwita mtu wa kwanza katika kemia, unataja alichofanya. Ukimwita aliyeimarika, unataja alichofanya pamoja na aibu aliyoifanyia kazi mwaka mzima ili isahaulike. Mwenye mdomo wa ucheshi akipewa kipaza sauti, aibu ndiyo ataisimulia, kwa sababu ndiyo inayochekesha. Namba 41 haikumchekesha mtu ukumbini.

Kwa hiyo usimwelewe vibaya kijana. Angekuwa anachukia kusifiwa, au anachukia shule, asingefika nafasi ya 19. Anachokataa ni kusimamishwa mbele ya watu apimwe upya kwa rula ya zamani. "Basi tu" ya mtoto wa umri huo huwa ina kurasa kadhaa ndani yake.

Nitakwambia ningefanya nini.

Kabla ya habari ya tuzo, aombwe radhi. Mtafute mkiwa wawili, umwambie, "Mwaka jana tulikosea namna tulivyolitangaza jina lako." Hiyo inatosha, usiongeze "lakini nia yetu ilikuwa njema", kwa kuwa nia yenu anaijua. Habari ya pipa usiitaje kabisa. Huyo mwalimu mcheshi naye aende kwa wakati wake, peke yake, na aache mzaha nyumbani. Akikataa kwenda, basi umeshajua nani hashiki kipaza sauti mwaka huu.

Halafu mpelekee kitu mkononi. Aliposema mlitoe jina lake hakujua limeandikwa kwa ajili ya nini. Alidhani, na alidhani sawasawa, kwamba ni ileile. Mwonyeshe karatasi yenye sentensi ambayo itasomwa, neno kwa neno: fulani, nafasi ya tatu, hisabati. Mwambie hakuna kitakachoongezwa. Mpe siku mbili. Akikubali, ataitwa pamoja na wa kwanza na wa pili, atapanda na wenzake, atashuka nao. Akikataa bado, litoe jina, na usimsihi. Nafasi yake iandikwe kwenye kumbukumbu za shule kama ilivyo, na cheti akabidhiwe ofisini siku anayotaka, akiwa na anayetaka awe naye.

Akikataa kupanda jukwaani, halitakuwa jambo la ajabu. Mwaka 2015 wachumi wawili, Leonardo Bursztyn na Robert Jensen, walichapisha utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za Marekani. Wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya marudio kwenye kompyuta. Siku moja programu ikaanza kuonyesha majina ya wanaoongoza ili kila mtu ayaone. Ungetegemea watu wakimbilie juu. Badala yake ufanisi ulishuka kwa asilimia 24, na walioshuka zaidi ni wale waliokuwa wakifanya vizuri kabla ya hapo: asilimia 40. Waliokuwa chini waliinuka kidogo. Yaani wenye uwezo wa kuonekana ndio waliojificha. Shuleni kuonekana kuna gharama yake, na anayeilipa ni mtoto mwenyewe kesho yake darasani, mgeni rasmi akiwa ameshaenda zake. Ndiyo maana mimi hushikilia kwamba mwenye jina aulizwe kwanza, hata akiwa wa kwanza kwa kila kitu.

Sasa mama. Vigelegele vyake vilikuwa vya kweli, na simenyi kitunguu kusema haya, vimenigusa. Ila hilo si jukwaa lake, na nadhani ukimpa nafasi atalielewa kuliko unavyohofia. Mpe tarehe ya sherehe kama alivyouliza. Usimwahidi kwamba mwanawe ataitwa, wala usimweleze kwa simu kwamba mwanawe amekataa. Mwambie kijana kwamba mama ameuliza, kisha mwache yeye aamue atamwambia nini. Huenda hiyo peke yake ikambadilisha mawazo, huenda isimbadilishe. Mama akija ana kwa ana kukuuliza, mwambie alichofanya mwanawe katika hisabati, na usimdanganye kwa lingine lolote.

Na jambo ulilosema halimo kwenye karatasi yoyote, la kuwaelekeza wenzake jioni? Najua kishawishi kilichopo. Mtataka kulitangaza, kwa sababu ni zuri mno kuachwa. Fikiri kwanza. Ukisema ukumbini kwamba amewafundisha wenzake sehemu, kila mtu atageuza shingo kutafuta ni akina nani hao wasiojua sehemu. Utakuwa umemwokoa mmoja na kuwazamisha watatu palepale. Mwandikie barua. Nusu ukurasa, kwa mkono, yenye siku na mambo uliyoyaona kwa macho yako, pamoja na hilo la kwamba anatumia maneno yako. Barua ya mwalimu haina makofi, lakini haitupwi kwenye pipa haraka hivyo. Mimi ninazo mbili, na nina wajukuu.

Tuje kwenye kamati yako.

Anayetaka kila mwanafunzi apewe cheti, mshukuru kwa moyo wake mwema na msonge mbele. Watoto wanajua kuhesabu. Cheti kinachotolewa kwa wote husomwa na wote kama orodha ya mahudhurio.

Na hayo mahudhurio yenyewe, mkuu wako ana haki ya kudhani vile anavyodhani, wengi tulidhani hivyo. Lakini jambo hili limeshapimwa. Carly Robinson na wenzake walichapisha mwaka 2021 jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 15,000 wa California. Kundi moja liliahidiwa tuzo kama wangehudhuria siku zote za mwezi fulani. Kundi jingine lilipewa tuzo kwa ghafla, kwa mahudhurio mazuri ya nyuma, bila kuahidiwa. Ahadi haikubadilisha chochote. Tuzo ya ghafla ndiyo iliyowafanya waliopewa waanze kukosa shule zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Watafiti walipochimba waliona kwamba cheti kilikuwa kimewapa watoto ujumbe ambao hakuna aliyekusudia: kwamba wamehudhuria kuliko wenzao, na kuliko shule ilivyotegemea. Basi, mtu akiambiwa amezidisha, atapunguza. Mpe mkuu habari hii faraghani na kwa adabu, si mbele ya kamati. Na kama bado anataka cheti, mwulize kinamfaa nini mwanafunzi aliyekosa siku tatu kwa sababu ya homa.

Anayetaka turudi kwenye watatu bora wa kila somo, mimi niko naye zaidi kuliko unavyofikiri. Angalau hapo kinachosemwa ni kitu kilichofanyika, na kila mtu anakijua kilivyopimwa. Shida ya watano wako wanaopanda na kushuka si kwamba wanashinda sana. Wameshinda, wapewe. Shida ni mpangilio. Badala ya kwenda somo kwa somo, nendeni mwanafunzi kwa mwanafunzi. Mwite binti mara moja, soma masomo yake yote manne aliyoongoza, apewe vyote kwa pamoja, apigiwe makofi yake ya kutosha, akae. Wa masomo manne na wa somo moja wote watakuwa wamepanda ngazi mara moja. Sherehe itafupika, na watu hupiga makofi vizuri zaidi wakiwa hawajachoka. Ukiona saa mbili zimepita na bado mnaita majina, jueni mnajipongeza wenyewe.

Jihadhari na wa pili. Medvec, Madey na Gilovich, katika utafiti wao wa mwaka 1995, waliangalia picha za video za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992 na kuona kwamba walioshika nafasi ya tatu walionekana wenye furaha kuliko walioshika ya pili. Wa tatu anafikiria alivyoponea kukosa medali, wa pili anafikiria dhahabu iliyomponyoka. Sasa mshereheshaji akisema "amekosa ukwanza kwa alama moja tu!", anadhani anamsifu, kumbe anamtonesha. Alama zibaki kwenye faili.

Tuzo zisizo za alama, kama ya nidhamu, moyo wa kujitolea na uongozi, hizo ziwe chache, na kila moja iwe na sharti moja: mwalimu anayempendekeza mtoto aandike sentensi inayotaja kitu alichokiona akikifanya. Si "ana nidhamu ya hali ya juu". Kitu. Asiyeweza kuiandika sentensi hiyo hana pendekezo. Nasema kwa uchungu. Zamani, katika shule niliyofundisha, nilimpa tuzo ya nidhamu binti ambaye mwaka mzima hakuinua sauti, hakuchelewa, hakuuliza swali. Niliandika "mtulivu, mfano wa kuigwa". Miezi baadaye nikajua kwamba alikuwa amefiwa na baba yake mwanzoni mwa mwaka na hakuna mwalimu aliyejua. Nilikuwa nimeupa msiba cheti. Kama mtu angenilazimisha kuandika nilichomwona akikifanya, ningegundua kwamba sikuwahi kumwona.

Yaliyobaki ni ya kawaida, ila ndiyo yanayoharibu. Mshereheshaji asome kilichoandikwa, na utani wake autumie kwa walimu na kwa mgeni rasmi, watu wazima wenye mishahara. Kila atakayeitwa aulizwe mapema jina lake linatamkwaje. Nimeona mtoto akingoja miaka minne kuitwa, na siku ilipofika akaitwa kwa jina ambalo hakulitambua, akabaki ameketi mpaka mwenzake akamsukuma bega. Na kaa na orodha siku moja kabla ya kuipeleka kuchapwa, uisome kama ungekuwa mwanafunzi ambaye hayumo. Ukiona anaweza kusema "sawa, huyu alifanya hivi", iache ilivyo. Ukiona atabaki kujiuliza fulani kapendwa na nani, rudi mezani.

Jina la "Kumi na Nane" ni gumu zaidi. Ukilipiga marufuku darasani utakuwa umelipa uhai mwingine wa mwaka mzima. Wewe mwite kwa jina lake, kila siku, kwa sauti ya kawaida, na uwaombe walimu wenzako wafanye vivyo hivyo, maana nina wasiwasi kuna mmoja wao, huenda yule mcheshi, ambaye naye analitumia.

Na kile cheti kilichokunjwa mara nne, kama bado unacho kwenye droo, usimrudishie, wala usikipeleke kwenye kikao kama ushahidi. Kilikuwa chake, na alishaamua kikae wapi.